Kosa Linaloonekana na Kosa Linalonyamaza

Kurasa nyingi tunazozisoma leo katika intaneti hazikuandikwa na mtu yeyote. Usishangae, ndugu msomaji. Kilichoandikwa na mtu ni ukurasa mmoja wenye mapengo, na kompyuta huyajaza mapengo hayo kila mara mtu anapouomba ukurasa: hapa jina lake, pale tarehe, kule kiasi cha fedha. Ukurasa huo wenye mapengo huitwa kiolezo. Mafundi wetu wa nguo na wa mbao wanalijua jambo hili tangu zamani, maana hawapimi upya kila kipande, bali hukata kwa kufuata kipande kimoja cha mfano. Tofauti ni kwamba fundi huwa amekishika kile kipande mkononi, na akikosea anaona papo hapo. Kiolezo cha kompyuta hujazwa hata usiku wa manane, mwandishi wake akiwa amelala fofofo, na wa kwanza kuliona kosa ni mgeni.

Sasa tuseme kiolezo kinaagiza, "Weka jina hapa," na jina halipo. Labda mtu alikosea tahajia, labda kanzidata haikujibu, labda mteja mwenyewe hakujaza fomu yake. Kompyuta ifanye nini? Yaweza kusimama na kukataa kuutoa ukurasa wote. Yaweza kuutoa na kutia alama pale palipokosekana kitu. Yaweza pia kuacha pengo na kunyamaza, kana kwamba hakuna lililotokea. Nimelifikiria swali hili kwa miaka mingi, pengine kuliko linavyostahili, na nimeona kwamba kila mara wataalamu walipolijibu, walikuwa wakijibu swali jingine lililojificha nyuma yake: mzigo wa kosa aubebe nani, mwandishi au msomaji?

Mimi nilijifunza kazi ya maandishi katika kiwanda cha chapa, wakati wa herufi za risasi. Mpangaji alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vidogo akiokota herufi moja moja. Makasha yale yalikuwa yamegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza, na kila aliyewahi kupanga Kiswahili atakumbuka jinsi herufi a ilivyokuwa ikimwishia kabla ya saa nne asubuhi. Ilipoisha, mpangaji hakuacha pengo. Alichukua herufi nyingine yenye unene uleule, akaigeuza miguu juu kichwa chini, ili katika karatasi ya majaribio ipige doa jeusi. Msahihishaji asingeweza kulipita doa lile hata kama amesinzia. Herufi ikipatikana, doa liliondolewa, na mnunuzi wa kitabu hakujua kamwe kwamba lilikuwapo. Wajapani nao walikuwa na desturi hiyo hiyo, na kwa kuwa doa lao lilifanana na nyayo za viatu vya mbao viitwavyo geta, wakaliita kwa jina hilo. Alama ya geta, mistari miwili mizito iliyolala sambamba, imo mpaka leo katika orodha ya herufi za kompyuta. Kwa hiyo mafundi wa chapa walikuwa na jibu lao: kosa lipige kelele kiwandani, lisifike sokoni.

Mtandao ulizaliwa bila msahihishaji. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake mwezi Machi 1989, na mwaka 1991 akautangaza mtandao wake kwa walimwengu. Lugha ya kuandikia kurasa, yaani HTML, aliitoa katika ukoo wa SGML, lugha iliyosanifishwa kimataifa mwaka 1986 kwa ajili ya nyaraka ndefu za serikali na mashirika makubwa. Ukoo huo ulikuwa mkali. Hati yenye kosa la sarufi ilikuwa hati mbovu, kwisha maneno. Lakini mtoto hakurithi ukali wa wazee wake. Vivinjari, yaani zile programu za kuonyeshea kurasa, vilikuwa vipole tangu mwanzo, na Mosaic, kilichotengenezwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois na kuenea mwaka 1993, kilipokea karibu kila kitu kilicholetwa mbele yake. Umefungua alama ya herufi nzito ukasahau kuifunga? Haidhuru. Umefunga ambayo hukuifungua? Tutasonga mbele.

Upole huo ulikuwa na wakili mwenye heshima. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waliozisimika kanuni za mawasiliano ya kompyuta, alikuwa ameshaandika kwamba programu iwe na hadhari katika inachokituma, na iwe karimu katika inachokipokea. Yeye alisema hayo juu ya mashine zinazopelekeana taarifa, lakini watu wa kurasa waliyachukua kama wosia. Nami sitaki kuudharau ukarimu huo, maana ndio ulioujenga mtandao. Mwalimu wa shule au mpenzi wa stempu aliweza kunakili ukurasa wa mwenziwe, akabadilisha maneno, akakosea hapa na pale, na bado akaona kazi yake ikisomeka. Biashara nayo ilivuta upande huo huo: kivinjari kilichokataa ukurasa kilionekana kibovu chenyewe, wala si ukurasa, na mteja alihamia kwa jirani.

Hasara zilikuja polepole. Kila kivinjari kilikisia makosa kwa namna yake, hata ukurasa ukawa mzuri huku na magofu kule. Na ukarimu usio na mipaka humkaribisha hata mwizi. Mwezi Oktoba 2005 kijana mmoja wa Marekani, Samy Kamkar, aliweka katika ukurasa wake wa MySpace programu ndogo iliyojinakili yenyewe kwa kila aliyeutazama. MySpace ilikuwa na mchujo wa maneno ya hatari. Basi yeye akalikata neno moja vipande viwili, kila kipande katika mstari wake. Mchujo haukulitambua, lakini baadhi ya vivinjari, kwa ule wema wao wa kusamehe, vililiunganisha tena na kulitekeleza. Kabla ya siku moja kwisha, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wameambukizwa.

Lakini nimekimbia mbele ya hadithi. Turudi mwaka 1995, maana hapo ndipo violezo vilipoanza kuingia mikononi mwa watu wengi. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa mwaka huo zana alizokuwa amejitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Zana hizo zilikua zikawa PHP, lugha iliyowaruhusu watu kuchanganya maandishi ya ukurasa na amri za kompyuta katika faili moja. Jambo likiharibika, PHP ilikuwa na tabia ya kulalamika palepale ndani ya ukurasa, kwa Kiingereza, ikitaja faili lililokosewa, njia yake yote ndani ya mashine, na namba ya mstari. Nimeona kurasa za Kiswahili, za matangazo ya misiba na za ratiba za mabasi, zikiwa na maneno hayo juu ya paji la uso.

Kelele ilikuwapo, basi, ila ilipigwa kwenye sikio lisilohusika. Msomaji wa ratiba ya mabasi ataufanyia nini mstari wa 47? Aliyeweza kuufanyia kitu ni mwizi, ambaye alijifunza kwa bure jinsi nyumba ilivyopangwa ndani. Ndiyo maana miongozo ya PHP ikaja kuwashauri mafundi wazime maonyesho hayo katika kurasa zilizo hadharani, na makosa yaandikwe katika daftari la siri la mashine. Ushauri mwema. Lakini daftari ambalo halisomwi lina tofauti gani na ukimya? Wengi walifuata nusu ya kwanza ya ushauri na kuiacha ya pili.

Na PHP yenyewe ilikuwa na upole wa ajabu. Ukilitaja jina lisilokuwapo, ilinung'unika kidogo, ikachukulia kuwa halina kitu, ikaendelea na safari. Mpaka toleo la 8, lililotoka Novemba 2020, ndipo baadhi ya minong'ono hiyo ilipofanywa onyo kamili, na mengine yakafanywa makosa ya kusimamisha kazi. Miaka 25 tangu mwanzo.

Wapo waliotaka kuung'oa upole mzizi na shina. Mwezi Februari 1998 ilitangazwa XML, lugha mpya kutoka ukoo ule ule wa SGML, na katika kanuni zake iliandikwa kwamba programu ikikutana na hati iliyovunjika isijaribu kukisia: iseme kosa, iache kazi ya kawaida. Waliobishana juu ya kanuni hiyo mwaka 1997 waliipa jina la Draco, yule mtunga sheria wa Athene ya kale ambaye adhabu zake zilisifika kwa ukali. Mwaka 2000 HTML ikaandikwa upya kwa sarufi ya XML, ikaitwa XHTML. Ahadi ilikuwa kwamba kuanzia hapo ukurasa ungekuwa safi au usingekuwapo kabisa. Waliojaribu katika vivinjari vya Mozilla wanaukumbuka ukurasa wa manjano wenye maandishi mekundu: alama moja imekosekana, na makala yote imetoweka.

Kwa nini sheria hii haikushika? Wengi husema watu ni wavivu. Sikubaliani nao. Sheria ya Draco inachukulia kwamba ukurasa una mwandishi mmoja, mwenye mamlaka juu ya kila nukta yake. Kiolezo ni shirika la watu wengi: mmoja aliandika mifupa, mwingine alileta tangazo, wa tatu ni msomaji aliyeacha maoni, na katika maoni hayo ameandika alama ya & bila kuikinga kama sarufi inavyotaka. Kwa XHTML ya kweli, alama hiyo moja ya mpita njia iliweza kuuangusha ukurasa wote wa mwenye nyumba. Adhabu haikumwangukia mkosaji. Ilimwangukia kila aliyekuja kusoma siku hiyo. Zaidi ya hayo, Internet Explorer, kilichokuwa kikitumiwa na watu wengi kuliko vingine vyote, hakikuipokea XHTML kwa sura yake halali mpaka toleo la 9, mwaka 2011. Basi kurasa nyingi zilivaa kanzu ya XHTML huku zikihudumiwa kama HTML ya kawaida, na sheria kali ikalala usingizi.

Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera waliunda kikundi chao, WHATWG, na kushika njia ya tatu ambayo mimi naiona kuwa ya watu wazima. Hawakusema makosa yasiwepo, wala hawakusema kila mtu akisie atakavyo. Waliandika, chini ya uhariri wa Ian Hickson, nini hasa kifanyike kwa kila aina ya kosa, hatua kwa hatua, ili vivinjari vyote vikutane na ukurasa mbovu na kutoa jibu moja. Nilipozisoma kanuni hizo nilicheka peke yangu, kwa kuwa zimejaa istilahi za ukoo. Maneno yaliyopotea ndani ya jedwali, mahali ambapo hayana haki ya kukaa, hupewa mzazi mlezi na kuhamishiwa kwake, nje ya jedwali. Alama zilizofungwa kwa mpangilio uliopinda hushughulikiwa na utaratibu uliopewa jina la wakala wa kuasili watoto. Hakuna anayefukuzwa, lakini kila mmoja anajulikana atalala wapi. Mwaka 2006 Berners-Lee mwenyewe alikiri hadharani kwamba jaribio la kuihamisha dunia nzima kwenda XML kwa mkupuo halikufaulu. Kikundi cha XHTML 2 kikafungwa mwishoni mwa 2009, na HTML5 ikapitishwa rasmi Oktoba 2014.

Hapa wengi wanaoisimulia historia hii huweka kalamu chini na kusema upole ulishinda. Mimi nadhani hapo ndipo jambo linapoanza kuwa gumu. Upole wa kivinjari unahusu umbo: herufi nzito ikizidi mstari mmoja, maana ya sentensi haipotei. Upole wa kiolezo unahusu kilichomo. Pengo lisilojazwa ni habari iliyokosekana, na mantiki iliyofaa kwa lile la kwanza imehamishiwa kwenye hili la pili bila watu kulijadili vya kutosha.

Mfano nitakaoutoa ni wa zana ninayoiheshimu. Mwaka 2003, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza kurasa za gazeti la Lawrence Journal-World. Zana waliyoiunda ilipewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Violezo vya Django vilipewa desturi hii: jina lisilojulikana likitajwa, mahali pake huwekwa utupu, na ukurasa unaendelea. Nawaelewa. Katika chumba cha habari saa zinakimbia, na makala isiyo na jina la mpiga picha ni bora kuliko gazeti lisilotoka. Lakini Django haikubaki gazetini. Ilisafiri ikaingia hospitalini, mahakamani, na kwenye madirisha ya kulipia kodi, na desturi ya gazeti ikasafiri nayo ndani ya sanduku.

Django ina mahali pa kuandika neno la kujaza badala ya utupu, mfano wa ile herufi iliyogeuzwa miguu juu, na miongozo yake inaonya kwamba litumike wakati wa kutafuta makosa tu, lisiachwe likafika kwa wasomaji. Armin Ronacher wa Austria, aliyetoa Jinja2 mwaka 2008, alikuwa mkali kidogo: pengo hulisamehe, pengo la ndani ya pengo halisamehe, na anayetaka ukali kamili anaweza kuuwasha mwenyewe. Anayetaka. Neno hilo linabeba mengi, kwa sababu fundi mwenye haraka huchukua kitu kama kilivyotoka dukani.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mama mmoja wa mtaani, muuza vitumbua, mwenye kiwanja alichokuwa akikilipia kidogo kidogo katika ofisi moja ambayo sitaitaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba unisomee hapa. Mimi naona nimeshamaliza."

Alinipa simu. Palikuwa na jina lake sawasawa, namba ya kiwanja sawasawa, na chini yake sentensi hii: "Deni lako ni shilingi", ikifuatiwa na nafasi, kisha nukta. Hapakuwa na sifuri wala tarakimu nyingine yoyote. Yeye aliisoma kama mtu yeyote mwenye akili timamu ambavyo angeisoma: hakuna kilichoandikwa, hakuna anachodaiwa. Na alikuwa ameisoma hivyo kwa miezi minne, akiwa ameacha kulipa, fedha akazihamishia kwenye karo ya mtoto. Nilimwambia asiiamini nukta ile, aende dirishani. Alikwenda. Deni lilikuwapo, na juu yake faini ya kuchelewa. Karani akamwambia mtandao ulikuwa na shida kipindi hicho, na kwamba angeuliza. Nilipozungumza na kijana mmoja anayezijua kazi za aina hiyo, alinieleza bila kusita kilichoelekea kutokea: kanzidata ya malipo ilibadilishiwa jina la safu moja, kiolezo kikabaki na jina la zamani, na programu ikanyamaza kama ilivyofunzwa. Katika daftari la mashine pengine hapakuandikwa hata mstari mmoja, kwa kuwa kwa macho ya programu hakuna kosa lililotokea. Faini yule mama aliilipa kwa awamu tatu.

Mwezi Septemba 2017 waliotengeneza React, zana ya kampuni ya Facebook, walitoa toleo la 16 na kutangaza kwamba kipande cha ukurasa kikipatwa na kosa ambalo hakuna aliyelidaka, ukurasa wote unaojengwa na zana hiyo utaondolewa machoni. Hoja yao moja ilikuwa kwamba katika programu ya malipo, kuonyesha kiasi kisicho sahihi ni kubaya kuliko kutoonyesha kitu. Niliposoma hayo nilimkumbuka muuza vitumbua. Na tofauti na watu wa Draco, hawa waliwapa mafundi kuta za ndani: unaweza kukizungushia ukuta kila kipande, ili tangazo likianguka lianguke peke yake, na mahali pake paandikwe kwa maneno ya kibinadamu kwamba sehemu hii haipatikani kwa sasa. Mwaka 2023 hata wosia wa Postel ulitazamwa upya, katika waraka wa RFC 9413, ambao unaeleza jinsi kusamehe makosa kwa muda mrefu kunavyoyafanya yakomae na kuwa sheria. Django, hata hivyo, bado huweka utupu isipoambiwa vinginevyo.

Kuna aina moja ya kosa ambayo zana zote hizi hazilioni, nalo linatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi. Violezo vingi huandikwa kwa Kiingereza kwanza, ambako kitenzi kimoja hukaa na nomino yoyote. Mfasiri akipewa pengo na kitenzi, ataandika "kimefutwa", akifikiria "kitu". Kisha mashine inalijaza pengo, nasi tunasoma "Picha kimefutwa", "Faili kimefutwa", "Ujumbe kimefutwa". Mapengo yamejaa, alama zimefungwa, daftari la makosa jeupe kabisa. Kwa kurasa ninazoombwa kuzipitia, sijapata dawa nyingine ila ile ya kiwandani: tunazijaza kwa mifano ya kila ngeli, tunazichapa kwenye karatasi, kisha mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole, pamoja na nukta zake.